Anayejifunza Muziki Kabiro Anahitaji Sikio la Mtu Mwingine

Kwenye kinanda cha umeme kuna kitufe kidogo kiitwacho transipozi. Ukikibonyeza mara moja, kinanda kizima kinapanda nusu toni, nawe unaendelea kucheza palepale vidole vilipozoea. Ingia katika kanisa la mabati huku Kabiro au Gatina Jumapili asubuhi, au vuka Ngong Road uende hadi Lindi kule Kibera, utakiona kikifanya kazi ibada nzima. Mama mmoja anainuka na kuanzisha pambio kwa sauti aliyojaliwa, bila kumuuliza mtu. Mpiga kinanda anatega sikio sekunde mbili tatu, anabonyeza mara tatu, kisha anaingia. Vidole vyake viko C, kwenye vitufe vyeupe. Waumini wanasikia E bemoli. Pambio linashika moto, na hakuna anayejua kilichotendeka isipokuwa yeye na mpiga besi.

Aghalabu kijana huyo hakufundishwa na mtu. Katikati ya wiki yuko mjengoni Kilimani akibeba mawe, au yuko steji ya 46 na bodaboda yake. Jioni anaomba ufunguo wa kanisa, anaegemeza simu kwenye kinanda, anatafuta video ya mtu wa Lagos au Atlanta anayeonyesha vidole polepole, anarudia kipande kilekile mpaka bando iishe au stima ipotee. Mwaka mmoja wa hivyo, miaka miwili, na kanisa limepata mpigaji. Uwezo alioujenga si mdogo. Wapo waliosomea piano tangu utotoni ambao mama yule akianzisha pambio watabaki wakitafuta karatasi.

Shida zinamjia kwingine. Kiongozi wa sifa anaamua ubeti wa mwisho upande nusu toni, na mkono mmoja unalazimika kuuacha wimbo ukatafute kitufe. Anaalikwa kupiga harusini, akifika anakuta piano ya mbao isiyo na umeme wala kitufe. Au wanakuja vijana wa tarumbeta, ambao vyombo vyao vimezoea F na B bemoli, wanamuuliza wimbo uko kii gani, naye jina la kii hana. Anajua amebonyeza mara ngapi, basi.

Swali la kama mtu asomee muziki au ajifunze mwenyewe hujibiwa haraka mno mtaani. Wengine husema kipaji ni cha Mungu na shule itakiharibu. Wengine husema bila cheti hujui kitu. Msimamo wangu ni huu: kujifunza mwenyewe ni njia ya heshima, na sehemu kubwa ya muziki tunaoupenda Afrika Mashariki imepitia humo. Lakini kijana anayejifungia na simu yake leo anakosa kitu ambacho wakongwe tunaowasifu kwa kujifunza wenyewe hawakukikosa. Walikuwa na watu wa kuwasikiliza na kuwaambia, hapo umekosea, rudia.

Tuchukue gitaa, maana ndilo tunalolitolea mfano kila tunapotaja vipaji visivyopita shule. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alimkuta kijana mmoja akipiga gitaa mtaani katika mji wa Jadotville, siku hizi Likasi, huko Katanga. Alikuwa Jean-Bosco Mwenda. Wimbo wake "Masanga" ulipotoka kwenye sahani ulisambaa mbali, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mwenyewe alifika Nairobi, akatumiwa kutangaza dawa za Aspro. Edouard Masengo, mwenzake wa Katanga, naye alikuja akafanya muziki humu mjini. Vijana wa Kenya waliwasikia na kuwaona, na wengi wakaacha kupiga gitaa kwa kulikwaruza juu chini. Wakaanza kudonoa nyuzi, kidole gumba kikishika besi na kidole cha shahada kikitembeza sauti ya juu.

Magharibi mwa Kenya mtindo huo wa vidole viwili ukawa omutibo. Jina linalotajwa kwanza ni la George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963 na kuacha "Sengula Nakupenda", wimbo ambao bado unapigwa. Mpigaji wa omutibo huandamana na mtu wa chupa. Ni chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye mifereji, inayokwaruzwa kwa kipande cha chuma ili mdundo usipotee. Kawangware imekuwa makao ya watu wengi kutoka magharibi, kwa hiyo omutibo haukuishia kijijini. Ulikuja Nairobi pamoja na wenyewe.

Hao walijifunza wenyewe? Kwa maana ya kwamba hawakulipa karo wala kupewa cheti, ndiyo. Lakini fikiria mahali gitaa lilipokuwa likisikika: matangani, harusini, kwenye vilabu vya busaa. Aliyelitaka alilifuata huko, akaketi karibu na mkono wa mpigaji. Mwenye chupa yuko umbali wa hatua moja kutoka gitaani usiku kucha. Akiharakisha, gitaa linamwacha. Akilegea, wachezaji wanasimama. Hakuna anayemtolea mhadhara kuhusu mapigo, lakini anasahihishwa mara mia kabla ya kupambazuka, na kila sahihisho linamfika palepale kosa lilipotendeka.

Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega inaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na baragumu la pembe na njuga za chuma. Mdundo wenyewe haukai katika ngoma moja. Unapatikana pale zinapopishana, kwa hiyo huwezi kuujifunza ukiwa na ngoma moja chumbani. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza Isukuti katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa kwa dharura, na sababu kubwa ni kudhoofika kwa urithishaji kutoka kizazi hadi kizazi. Jambo hili linanikera na kunifikirisha. Video za Isukuti zimejaa mitandaoni, kijana wa Kabiro anaweza kuzitazama bure sasa hivi akiwa na bando, na bado mchezo huo uko hatarini, kwa kuwa kuonekana kwa muziki hakutoshi kuurithisha. Sharti pawe na mzee aliyeketi na kijana.

Nyatiti nayo iko hivyo. Mpigaji huketi chini na ala ya nyuzi nane. Mguuni huvaa njuga za gara, na kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma iitwayo oduong'o, anayoigonga kwenye ala. Mikono inafanya lake, mguu unafanya lake, mdomo unaimba la tatu. Katika miaka ya 2000 mwanamke wa Kijapani, Eriko Mukoyama, anayejulikana kwa jina la jukwaani Anyango, alisafiri mpaka Siaya kujifunza ala hiyo kwa Okumu K'Orengo, ingawa kwa desturi ilikuwa ya wanaume. Angeweza kununua rekodi akabaki Tokyo. Alichagua kuishi kijijini, na leo anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuimudu nyatiti kama mpigaji wa kazi.

Pwani wanalijua hilo tangu zamani, na katika taarabu mwalimu hana mjadala. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, anasimuliwa kuwa alimtuma Mohammed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni ili arudi awafundishe wengine. Siti binti Saad, ambaye jina lake linatamkwa kana kwamba alizaliwa akiimba, alipohamia mjini mwaka 1911 aliongozwa na Ali Muhsin, mpigaji wa kikundi cha Ikhwani Safaa, ndipo akafika Bombay kurekodi mwaka 1928. Na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Zanzibar ina Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambako udi, kanuni na fidla vinafundishwa darasani na ngoma za kienyeji zikapewa nafasi yake.

Hata wimbo wa taifa letu umetokana na njia zote mbili, ya kujifunza bila shule na ya kusomea. Sauti yake ni bembelezo la Wapokomo wa Mto Tana, muziki wa akina mama ambao hawakuhitaji noti kuwalaza watoto wao. Mzee Meza Morowa Galana ndiye aliyeutoa. Kisha mwaka 1963 jopo la watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, likaukalisha kwenye noti, likaupangia sauti na maneno, bendi ikaweza kuupiga usiku wa uhuru. Bila bembelezo, jopo lisingekuwa na kitu cha kuandika. Bila jopo, bembelezo lingebaki Tana River.

Nirudi kwenye simu, maana ndiyo mwalimu wa wengi siku hizi na sitaki kuidharau. Simu inakupa mambo ambayo hata chuo hakikuwa nayo miaka 30 iliyopita. Unaweza kumtazama mpiga solo wa Kongo akicheza kwa kasi ya nusu, ukarudisha nyuma mara 50, na hachoki. Kwa mtoto wa Kabiro ambaye mzazi wake hana elfu za ziada, huo ni mlango ambao hapo awali haukuwepo kabisa. Kasoro yake ni moja, lakini ni kubwa: simu inasema na haisikii. Haijui kwamba kiganja chako cha kushoto kimeukumbatia mpini wa gitaa kama mpini wa jembe, kwamba kidole gumba kimechomoza juu, kwamba kiwiko kimebana ubavuni. Chodi nyepesi utazipiga hivyo hivyo. Siku utakapofika kwenye chodi inayotaka kidole kimoja kilale juu ya nyuzi zote sita, utakuta mkono hauna nguvu, utadhani ni kipaji kimekwisha, na wengi huacha gitaa hapo. Mtu aliyesimama kando angelisahihisha kosa hilo siku ya kwanza kwa kukushika mkono tu.

Kosa jingine lisilosikika na mwenyewe ni la mapigo. Anayecheza peke yake huharakisha sehemu anazozijua na kupunguza mwendo kwenye zinazomtatiza. Masikioni mwake wimbo uko sawa, kwa sababu yeye ndiye wimbo. Akikutana na mpiga ngoma kwa mara ya kwanza, ugomvi unaanza, na kila mmoja anaapa kwamba mwenzake ndiye anayeharibu.

Chumba nacho kina lake. Futi kumi kwa kumi, ukuta wa mabati, jirani amelala mchana kwa sababu ni askari wa usiku. Utapiga gitaa kwa kuingiza kitambaa chini ya nyuzi karibu na daraja ili sauti ifie, na kwa miezi hutasikia sauti halisi ya mkono wako. Anayewaambia vijana wa mtaani wajitume zaidi nyumbani afikirie kwanza hiyo nyumba.

Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa fidla katika chuo cha muziki mjini Berlin. Walikadiria saa ambazo kila mmoja alikuwa amefanya mazoezi peke yake hadi kufikisha miaka 18. Waliokuwa bora kabisa walifikisha wastani wa saa zipatazo 7,400. Waliofuata, 5,300. Waliokuwa wakisomea ualimu wa muziki, 3,400. Watafiti wengine baadaye wamebishana naye kuhusu uzito wa mazoezi ukilinganisha na kipaji, na mjadala huo haujaisha. Kwangu mimi lililo muhimu liko ndani ya hesabu yenyewe. Saa hizo zilikuwa za upweke, mtu na fidla yake, mlango umefungwa. Lakini aliyeamua ni kitu gani kifanyiwe mazoezi ndani ya saa hizo alikuwa mwalimu, aliyekuwa amemsikia mwanafunzi akasema wiki hii tengeneza hiki. Anayejifunza mwenyewe anaweza kuwa na saa nyingi kama hizo. Tatizo lake ni kwamba nyingi anazitumia kurudia anachokijua tayari, au kukomaza kosa.

Mafunzo rasmi nayo yana dosari zake, tena nzito. Kenya Conservatoire of Music ipo tangu 1944, pale kwenye Kenya National Theatre mkabala na Chuo Kikuu cha Nairobi, na imezaa wanamuziki wengi wazuri. Lakini mfumo uliotawala katika mafunzo ya aina hiyo jijini ni wa mitihani ya ABRSM ya Uingereza, daraja la 1 hadi la 8, na nimeona anachoweza kumfanyia mtoto mwalimu asiyeangalia mbali. Mtoto anajifunza vipande vitatu kwa mwaka, anavipiga mbele ya mtahini, anapata cheti, anavisahau. Ukimwomba amfuate mtu anayeimba, anaganda. Sikio lake halijawahi kupewa kazi. Kuna pia walimu ambao kwao benga si muziki na omutibo ni kelele za kijijini, na mwanafunzi anatoka kwao na ujuzi wa vidole na aibu ya kwao. Mwalimu wa namna hiyo ni afadhali umkose.

Halafu kuna gharama. Lavington imepakana na Kawangware, ukuta kwa ukuta. Ng'ambo ile mwalimu wa piano huja nyumbani kwa mtoto na hulipwa kwa saa. Ng'ambo hii saa hiyo moja inaweza kula pesa ya chakula cha familia ya siku kadhaa. Mkono mtupu haulambwi, na simlaumu mwalimu wa muziki kwa kutaka malipo, kwani naye analipa kodi ya nyumba. Ninachosema ni kwamba kumshauri kijana wa Kabiro aende akasome muziki, kisha ukaishia hapo, ni kumpa ushauri usiotekelezeka.

Lakini walimu wapo mtaani, wengine katika kanisa lilelile lenye kinanda cha transipozi. Nenda Jumamosi alasiri wakati kwaya inafanya mazoezi. Ukutani kumebandikwa karatasi ya manila, imeandikwa kwa kalamu nene herufi d, r, m, f, s, l, t, nukta mbili zikitenga mapigo na vistari vikionyesha sauti inayovutwa. Hiyo ni solfa, mfumo ulioenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19 kutokana na kazi ya Sarah Glover, ukaletwa huku na wamishonari na kukaa kuliko wamishonari wenyewe. Mwalimu wa kwaya anagonga uma wa sauti au anapuliza kifilimbi, anatoa do, na sauti nne zinaanza kusoma kitu ambacho hazijawahi kukisikia. Wasabato wa Kibera, Wakatoliki wa Kawangware, PAG, Anglikana, wote wanao watu hawa. Wengi wao wamefundisha kwaya kwa miaka 20 bila mshahara.

Na hapa ndipo ninapoona hasara kubwa isiyo na sababu. Katika solfa, do huhama. Leo iko C, kesho iko E bemoli, lakini umbali kutoka do hadi mi na kutoka mi hadi so haubadiliki. Hicho ndicho kitufe cha transipozi kinachokifanya kwa umeme. Mwimbaji wa sauti ya alto, mama anayeuza mboga Kawangware sokoni wiki nzima, anakifanya kichwani mwake kila Jumamosi bila kujisifu. Mpiga kinanda ameketi hatua chache kutoka kwake, anatazama video za Atlanta kutafuta siri hiyohiyo. Angejiunga na safu ya sauti ya tena kwa miezi sita, akaimba solfa hadi izoeleke mdomoni, kisha akarudi kwenye kinanda na kutafuta do kwenye kila kitufe, cheupe na cheusi, kitufe cha transipozi angekiacha mwenyewe. Walimu wa kwaya nao wanakosea wanapowaona wapiga vyombo kama mafundi wa umeme wanaofika Jumapili tu.

Jeshi la Wokovu, ambalo liko Kenya tangu 1921, lina desturi nyingine nzuri. Bendi zao za vyombo vya shaba hupokea watoto na kuwapa chombo na mafunzo ndani ya kanisa, na mtoto anasoma noti kwa sababu bendi nzima inasoma. Na upande wa mashariki wa jiji, Korogocho, karibu na jaa la Dandora, kuna Ghetto Classics, mradi wa Art of Music Foundation ulioasisiwa na Elizabeth Njoroge katika eneo la kanisa la Mtakatifu Yohana. Fedha za tamasha la Safaricom Jazz zimewahi kuelekezwa huko. Kinachonivutia zaidi ya okestra yenyewe ni kwamba waliojifunza mapema huwafundisha wanaofuata. Mwalimu hahitaji kuwa profesa. Anahitaji kuwa mbele yako kidogo na awepo kila wiki.

Anayeuliza kama noti zitamlisha, jibu lipo. Bendi za Polisi, Jeshi, Magereza na NYS hupiga kwa kusoma, na asiyejua noti hana nafasi humo, hata awe na sikio la ajabu. Mwalimu wa muziki wa shule lazima asome. Eric Wainaina alikuwa ameshajulikana na kikundi cha Five Alive kabla ya kwenda kusomea Berklee, Boston, na wimbo wake "Nchi ya Kitu Kidogo" hauonyeshi dalili ya mtu aliyeharibiwa na shule. Watatu wa Sauti Sol walikutana wakiwa wanafunzi wa Upper Hill School, mwendo mfupi kutoka Kibera, wakiimba katika kikundi cha vijana kabla hata ya kuwaza studio. Lakini mpiga mugithi anayejaza baa Kawangware Ijumaa kwa gitaa, sauti na mashine ya ngoma, naye anakula jasho lake, na hakuna noti hata moja aliyoisoma. Sitamwambia amekosea. Nitamwambia tu kwamba mikono yake inajua mengi ambayo kijana mwingine hawezi kuyapata mpaka yeye akubali kukaa naye.

Serikali ilianza vizuri, kisha ikalegea. Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985 muziki ulifundishwa shule ya msingi na kutahiniwa pamoja na sanaa na ufundi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaondolewa kwenye mtihani, na kisichotahiniwa nchini humu hakifundishwi. Kizazi kizima cha Kabiro kilipita darasani bila kuambiwa do ni nini, isipokuwa wale waliobahatika kuchaguliwa kwenye kwaya ya kwenda tamasha la muziki la shule, ambalo limekuwapo tangu 1927. Mtaala wa umilisi umeurudisha muziki. Wazazi wengi watakumbuka walivyotafuta ile filimbi ya plastiki, rekoda, mtoto alipofika Gredi ya Nne. Sasa shule ya upili ya juu ina mkondo wa sanaa na michezo. Mkondo huo utabaki jina tu iwapo shule za mitaa kama yetu hazitapewa mwalimu aliyesomea muziki na chumba chenye vyombo. Watakaoufuata watakuwa watoto wa shule zilizokuwa na piano tayari, na wa Kabiro watabaki na rekoda kabatini.

Kwa hiyo, kijana uliyejifunza mwenyewe, usiache. Jirekodi kwa simu hiyohiyo, usikilize kesho yake wakati masikio yametulia, utasikia mengi. Jiunge na kwaya hata kama sauti yako si nzuri. Pesa ukizipata kidogo, usilipie mwaka mzima wa masomo. Mtafute mtu anayejua, mlipe kwa saa moja kila mwezi akuangalie mkono na kukupa kazi ya mwezi unaofuata, kisha nenda ukajifungie. Mwalimu akikudharau kwa ajili ya muziki unaoupenda, tafuta mwingine.

Walimu wa kwaya wa Kabiro, Gatina, Makina na Laini Saba, waiteni wapiga vyombo wenu waje Jumamosi wasome karatasi ya manila pamoja na wengine. Walimu wakuu, madarasa yenu yanakaa matupu wikendi nzima, na mtoto wa chumba cha futi kumi hana pengine pa kupigia tarumbeta. Toeni ufunguo wa darasa moja. Waheshimiwa wa Dagoretti Kaskazini na Kibra, pesa za ustawi wa maeneo bunge zimejenga kuta nyingi, basi zinunue vinanda vichache na kumlipa mwalimu mmoja kwa kila wadi. Na nyinyi wazee wa omutibo na Isukuti mlioko huku Kawangware, ambao watoto wanawapita kila siku bila kujua mnachokijua, mwiteni mmoja aje akae karibu na gitaa. Mpeni chupa ya Fanta aanze nayo.